Mwaka wa kuisoma Kusini: nilipofikia

Mradi wangu wa mwaka huu una sharti moja: kila kitabu kinisaidie kuielewa Kusini ninayoishi, kuanzia hapa Mtwara hadi Umatumbini, nchi ya Wamatumbi. Vingine naazima, vingine naagiza Dar vinakuja na basi.

Nilianza na Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka 1969. Wengi wetu tuliisoma kwa ajili ya mtihani, basi. Safari hii niliisoma kwa sauti, mimi na mdogo wangu tukigawana wahusika, na ndivyo ninavyoshauri isomwe. Mazungumzo yake ni mafupi na makavu, ya watu waliochoshwa na kazi ya kulazimishwa kwenye shamba la pamba. Mdomoni yana uzito ambao jicho peke yake haliupati.

Historia tunaijua. Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewagawia watu maji ya dawa ya kuwakinga na risasi, akanyongwa Agosti mwaka uleule, na vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vikaendelea hadi 1907. Lakini Hussein amemuumba Kinjeketile wake mwenyewe, mtu anayeona neno lake limemzidi nguvu na halimsikilizi tena. Mwishoni yuko kizuizini, na Kitunda, rafiki yake, anamsihi akane habari ya maji. Anakataa. Akikana, watoto watakaozaliwa wataambiwa kwamba wazee wao walikosea kuipigania nchi yao. Pale mdogo wangu aliuliza: sasa waliokufa wakiyaamini yale maji, nani anawajibu? Tulibishana hadi usiku, na bado naona Hussein alitaka tubishane.

Kutoka hapo nikaingia Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel ya Fasihi 2021. Kwa Kiingereza ilitoka 1994. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis ilitoka 2022, na Kiswahili chake kinateleza vizuri sana. Yusuf, mtoto aliyetolewa kulipia deni la baba yake, anafuata msafara wa tajiri Aziz kwenda bara. Mwisho sitausema. Niliposoma habari za askari na wapagazi nikaikumbuka Mahiwa, njia ya Masasi, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana Oktoba 1917. Kuna majenerali tunaowataja hadi leo. Wapagazi waliobeba risasi na unga hatuna hata majina yao. Riwaya hii inawapa sura, na kwa hilo tu ningempa kila kijana wa Lindi na Mtwara nakala yake.

Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ni ya Unguja, nimeiongeza kwa raha tu, na inasomeka haraka. Nagona ya Kezilahabi naisoma polepole, sura moja kisha napumzika.

Kinachofuata ni Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliochapwa 1957. Natafuta nakala. Mwenye nayo aniazime, nitaitunza na kuirudisha.