Kubandua DJUMA, kubandika YAO

Novemba 2023, Jumanne, siku mbili baada ya Yanga yetu kuifunga Simba 5-1, kijana mmoja wa bodaboda alipaki pikipiki mbele ya kibanda changu, akatoa jezi aliyokuwa ameiviringisha ndani ya helmeti.

"Fundi, mtoe huyu, niwekee Yao."

Huyu mwenyewe alikuwa DJUMA, yaani Djuma Shaban, beki wetu wa kulia aliyekuwa ameondoka. Herufi tano nyeupe kwenye jezi ya kijani, na nilizibandika kwa mkono wangu mwezi wa tano mwaka ule ule, wiki ile ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger ya Algeria, wakati foleni yangu ilifika mpaka kwa muuza mabegi. Namba hakuwa ameweka. Siku ile aliniambia hela imeishia kwenye jina.

Nikamwambia aniachie, arudi saa kumi. Nilitaka kukaa nayo kidogo.

Kazi yangu ni kuchapa majina kwenye jezi, hapa Kariakoo, kwenye kikorido ambacho usipokuwa mwenyeji utapita mara tatu bila kukiona. Herufi moja shilingi elfu moja, namba elfu mbili. Nina mashine ya joto, kompyuta iliyokwisha kuona mengi, na mashine ya kukata herufi ambayo wembe wake ukichoka inakata R bila mguu, ikatoka P. Kuna mtu Mbagala anatembea na DIAPPA mgongoni na hajawahi kurudi kulalamika. Nadhani hajaona, maana mgongo wako mwenyewe unauona saa ngapi?

Sasa, mchezaji akiondoka, nyie mnaumia moyoni. Mimi naumia na mfukoni. Kabla ya fainali nilikata seti ishirini za DJUMA nikaziweka tayari, kwa sababu kila mteja wa pili alikuwa anamtaka yeye au Mayele, mshambuliaji wetu. Likaja dirisha la usajili. Mayele kaenda Pyramids, Misri. Bangala na Feisal wakahamia Azam. Kocha Nabi akaenda zake Morocco. Na Djuma naye hatukuwa naye tena. Nikabaki na seti kumi na moja kwenye boksi la viatu, nazitazama.

Mama Zuhura, jirani yangu muuza vitumbua, shabiki wa Simba wa damu, ndiye aliyenitoa kwenye huo msiba. Aliangalia boksi akasema, "Mwanangu, toa hiyo D, si inabaki JUMA? Kariakoo hii kina Juma wamekwisha?" Na kweli. Ndani ya wiki tatu niliwauzia kina Juma saba, mmoja wao wa Simba, kwenye jezi nyekundu, Mungu anisamehe. D zilizobaki zikaingia kwenye DIARRA, kipa wetu. Kwa hiyo Djuma bado yupo Yanga, kagawanyika tu.

Lakini nilikuwa sijampokea huyo Yao, beki mpya wa kulia. Niseme ukweli wangu, kwa sababu siku zile kila mtu alijifanya alijua tangu mwanzo. Mimi sikujua kitu. Agosti nilikuwa nawaambia watu hapa kibandani kwamba tumeachia beki na kuleta mkimbiaji.

Na nazungumza kama mtu wa ile nafasi. Nimecheza beki wa kulia mchangani miaka sita, pale Mwembe Yanga, Temeke, kiwanja ambacho ukiteleza unaacha ngozi ya goti. Mwalimu wetu alikuwa na neno moja: beki ni wa kubaki. Ukivuka mstari wa kati anakuita kwa jina la baba yako. Nikakua naamini hivyo, kwamba sifa ya kwanza ya beki wa pembeni ni winga wa wenzetu aende nyumbani akiwa na hasira. Krosi ni nyongeza, kama kachumbari.

Djuma Shaban alipokuja 2021 kutoka AS Vita ya Kinshasa, pamoja na Mayele na Moloko, ndipo nilipoona mtu anayebaki na bado anashambulia. Siri yake ilikuwa Moloko. Jesus Moloko alikuwa winga wa kukanyaga chaki, anamvuta beki wa pembeni mpaka kule kwenye mstari, kwa hiyo Djuma hakuwa na haja ya kukimbilia kibendera. Alisimama pale hatua kumi nyuma yake, anapokea mpira, ananyanyua kichwa, anaushusha mapema kwenye boksi kabla mabeki wa wapinzani hawajageuka. Hata pumzi haimtoki. Nilikuwa nikimwangalia namwonea wivu, nasema kumbe huu mchezo unaweza kuchezwa bila kutapika. Msimu wake wa kwanza tukachukua ubingwa wa ligi bila kupoteza mechi hata moja.

Na alikuwa na lile jambo lingine. Tarehe 3 Juni, Algiers, marudiano. Nyumbani tulikuwa tumelala 2-1. Mayele alisawazisha dakika ya 82, kabla hatujamaliza kushangilia wakapata la pili. Sasa tupo kwao, uwanja unawaka moto na moshi, dakika ya saba tu tunapata penalti. Nilikuwa Tandika kwenye kibanda umiza, kile cha kulipia kuangalia mpira, watu wamebanana kiasi kwamba kijasho cha jirani unakijua chumvi yake. Mzee mmoja mbele yangu akageuka, akaipa televisheni mgongo. Akaniambia, "Nisimulie." Nikamwambia anayepiga ni Djuma. Akajibu, "Basi ngoja nigeuke." Mnaona? Mzee wa watu alikuwa anaogopa penalti, hakuwa anaogopa penalti ya Djuma. Ikaingia. Mechi ikaisha 1-0, jumla 2-2, kombe wakachukua wao kwa bao la ugenini. Lakini yule mzee alirudi kwake ameliona bao.

Ndiyo maana Agosti, kule Mkwakwani Tanga, Ngao ya Jamii imekwenda kwenye matuta na Ally Salim wa Simba anatupangulia penalti tatu, mimi sikumlaani mtu. Nilikaa kimya nikasema neno moja tu, "Djuma." Mama Zuhura kesho yake alinipa kitumbua cha bure. Kibaya zaidi ni kwamba nilikila.

Kuhusu Yao Kouassi nilikuwa najua mambo mawili. Katokea ASEC Mimosas ya Abidjan, nyumba ile ile tuliyomtoa Aziz Ki 2022 na Pacome 2023, kwa hiyo mlango ulikuwa unajulikana. La pili nililigundua baadaye, na limekuwa likinichekesha: ASEC nao walitolewa na USM Alger, tena nusu fainali ya kombe lile lile. Sisi tukiwatoa Marumo Gallants ya Afrika Kusini upande huu, wao wanalia upande ule. Kwa hiyo Mwarabu mmoja alizifunga timu zote mbili ndani ya mwezi mmoja, na sisi tukaenda kuajiri majeruhi wenzetu.

Mechi za mwanzo nilimtazama vibaya. Mtu anapanda tu. Namtafuta kwenye picha simwoni, kumbe yuko mbele ya Maxi, winga wetu wa kulia. Nikasema, huyu mwalimu wangu angemtaja mpaka babu yake.

Kilichonibadilisha ni Maxi mwenyewe. Nilikaa siku moja nikaacha kuangalia mpira, nikaangalia upande wa kulia peke yake. (Jaribuni, ni kazi ngumu, macho yanataka kukimbilia kwenye mpira.) Maxi Nzengeli si Moloko. Hakanyagi chaki. Akipata mpira pembeni anaingia nao ndani, na akiwa hana mpira ndiyo kabisa, utamkuta katikati anasumbuana na viungo. Beki aliyepangwa kumkaba anamfuata. Barabara yote ya kulia inabaki tupu kama Samora siku ya Idi. Gamondi, kocha wetu wa msimu ule, alitaka hivyo. Sasa ungemweka Djuma wangu pale, anayesimama hatua kumi nyuma ya winga, angesimama nyuma ya nani? Winga hayupo. Mpira wa mapema angeupiga kutoka mbali, na Mayele wa kuuwania naye hayupo. Nilikuwa namdai Yao kazi ambayo pale haipo tena.

Na Yao ana jambo moja ambalo mimi kwa miaka sita sikuliweza hata siku moja. Anapiga krosi bila kuutuliza mpira. Sisi wengine tukifika pale kwenye kona ya boksi tunausimamisha kwanza, tunaupanga, tunavuta pumzi, na katika ule muda mdogo beki keshafika kati yako na goli. Yeye mpira unakuja unaviringika mbele yake, mguu wa kushoto unatua pembeni ya mpira, mwili unageuka kidogo kwenye nyonga, wa kulia unapita. Hasimami. Ukimtazama unadhani kaamua kuupiga kabla haujamfikia, na nadhani ni kweli.

Jumapili ile, tarehe 5, nilikuwa viti vya mzunguko, Uwanja wa Mkapa, nimefika saa saba mchana kwa mechi ya saa kumi na moja. Dakika ya tatu krosi ikatoka kulia, ya Yao, Musonda kichwa, nyavu. Jamaa wa kushoto kwangu alinikumbatia, akaniuliza, "Kapiga nani hiyo krosi?" Nikasema, "Beki." Nilisema kwa kiburi kabisa, kama nilimsajili mimi. Kibu wa Simba akasawazisha dakika ya tisa tukanywea. Mpaka mapumziko 1-1, watu wanatafuna kucha. Kipindi cha pili mnakijua, Maxi mawili, Aziz Ki, penalti ya Pacome, sina haja ya kukisimulia. Jumatatu nilichapa "5G", yaani goli tano, mgongoni mpaka rangi nyeupe ikaniishia saa nane mchana. Mama Zuhura hakufungua.

Siku zile walikuwa wanamwita Jeshi. Sina ubishi. Kwa timu ile, kwa mpira ule wa Gamondi, Yao alikuwa beki wa kulia bora kuliko Djuma, na nimeyasema haya hadharani ili wale niliowabishia Agosti wasiendelee kunitumia ujumbe.

Ila nilikuwa na hofu mbili, na watu wa 5G hawakupenda kuzisikia.

Ya kwanza ilikuwa nyuma yake. Mtu anayepanda vile anaacha uwanja mzima wa mchangani mgongoni kwake. Kwenye ligi kiungo Aucho na beki Dickson Job walikuwa wanaufunika, na timu nyingi zikija kwetu hazikuwa na ujasiri wa kubakiza mtu pale. Lakini Ihefu mwezi wa kumi walitufunga 2-1 kwao Mbarali, na hao si Waarabu. Tarehe 24 mwezi ule tulikuwa tunakwenda Algiers tena, Ligi ya Mabingwa, makundi ambayo hatukuwa tumeyaona tangu 1998, kucheza na CR Belouizdad. Wale wasingemuacha Jeshi apande bure. Mara ya kwanza ambayo angechelewa kurudi tungejua, na siku hiyo ningemtaka sana mtu wa hatua kumi nyuma.

Ya pili ilikuwa ile penalti. Tulikuwa na wapigaji, Aziz Ki alikuwa anapiga, Pacome alipiga Jumapili na akaingiza. Lakini ile ya Jumapili ilikuwa dakika ya 88 na sisi tunaongoza 4-1, hata mimi ningepiga. Naongelea ile ya dakika ya saba ugenini, kombe liko pembeni ya uwanja, na mzee Tandika kageuza mgongo. Sikujua safari hiyo nikimtajia jina gani angegeuka.

Saa tisa na nusu nikaanza kazi. Herufi ukitaka kuzitoa unazirudishia joto, kitambaa juu, sekunde kadhaa, halafu unazivuta zikiwa bado za moto kwa kibano, polepole, gundi isichane uzi. Ikibaki gundi unaifuta kwa spiriti. D ikatoka nzima. J ikakatika mkia. U, M, A zikatoka bila ubishi. Lakini jezi ya bodaboda inashinda juani. Kijani chote cha mgongo kilikuwa kimepauka, isipokuwa pale chini ya herufi, ambapo palikuwa bado pabichi kama siku ya kwanza. Nimeibandua DJUMA, na DJUMA inasomeka vizuri tu, ya kijani juu ya kijani.

YAO ni herufi tatu. Nikaziweka katikati, zikafunika J, U na M. D ikabaki peke yake kushoto, A kulia.

Jamaa alirudi saa kumi na nusu, na abiria nyuma anayelalamika anachelewa Muhimbili. Akaishika jezi akaielekeza kwenye mwanga, akaigeuza huku, akaigeuza kule.

"Fundi, hii mbona inasoma D-YAO-A?"

"Ukisimama mbali haionekani."

"Mimi abiria wangu anakaa mbali?"

Hapo sikuwa na jibu. Abiria wake ndiye aliyecheka kwanza. Akanipa elfu mbili na mia tano badala ya elfu tatu, akasema ile mia tano ni ya D na A ambazo hazijatoka, zikitoka ataileta. Akaivaa pale pale juu ya fulana, akawasha pikipiki. Nilimtazama mpaka mataa ya Fire na bado nilikuwa nazisoma zote tano.