Kupaa na paraglaida ukiwa umevaa skii

Planpraz ni kituo cha gari la kamba juu ya Chamonix, Ufaransa, kwenye mwinuko wa mita kama 2,000. Mji wenyewe uko mita 1,035. Paraglaida, yaani bawa la kitambaa linalokubeba kwa nyuzi, ya kawaida hushuka mita 1.1 hadi 1.2 kwa sekunde hewa ikiwa tulivu, kwa hiyo ukipaa Planpraz asubuhi ya majira ya baridi una dakika kama 14 tu angani hadi mjini. Hang-glaida, bawa lenye fremu ngumu, huteleza mbali zaidi, ila ina kilo 30 na zaidi na hata ikikunjwa ni ndefu mno kwa kibanda cha gari la kamba. Ndiyo maana kwenye maeneo ya skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, paraglaida imetawala.

Skii hurahisisha kupaa mno, na hapo ndipo hatari ilipo. Anayekimbia kwa miguu upepo ukimpiga mgongoni huishiwa mbio, akaacha. Mwenye skii huendelea kuteleza, bawa linanyanyuka hata pasipostahili, naye anajikuta hewani kwenye upepo unaoshuka mlima. Mimi nashikilia hivi: utepe wa kupimia upepo ukionyesha upepo wa nyuma usiokatika, funga bawa, teremka kwa skii. Foehn, ule upepo wa kusini unaovuka Alps, ukitajwa kwenye utabiri, usipande kabisa hata kama bondeni kumetulia.

Tandaza bawa kwenye theluji iliyoshindiliwa. Simama skii zikiwa zimekingama mteremko, la sivyo utaanza kuteleza kabla hujajifunga. Mikanda ya mapajani ifungwe kwanza, na uiguse kwa mkono, kwa sababu suruali nene ya baridi huificha; kuisahau kumeua watu. Kisha angalia nyuzi: hupenda kunasa kwenye vifungo vya buti na kwenye makali ya skii. Fimbo za skii zifunge kwenye begi.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni theluji ndani ya bawa. Huingia kwa matundu ya ukingo wa mbele unapolitandaza, halafu bawa likinyanyuka inateremkia ukingo wa nyuma na kulala humo. Ukingo huo ukilemewa, bawa hupunguza mwendo kana kwamba umeshika breki, yaani nyuzi zinazovuta ukingo wa nyuma chini, na linaweza kukaribia kuanguka wima bila wewe kugusa kitu. Kitambaa cha bawa kikilowa huzidisha hatari hiyo. Inua ukingo wa nyuma, ikung'ute theluji itokee mbele, na ukaguse pia ncha za bawa, maana huko ndiko inakojificha.

Kupaa kwenyewe: geuza skii zielekee chini, egemea mbele, nyanyua bawa kwa mikanda ya mbele, ile inayoshika nyuzi za ukingo wa mbele. Likifika juu ya kichwa, breki kidogo lisikupite. Litazame. Likiwa limenyooka na nyuzi ziko safi, acha skii zikimbie. Likiwa limepinda, kingamisha skii mara moja na vuta breki zote mbili hadi chini. Uamuzi huo ufanywe kabla ya mteremko kuwa mkali, kwa hiyo chagua mapema alama ambayo hutaipita bila bawa zuri juu yako.

Angani, nyaya za lifti zinazopandisha wanaoteleza hazionekani vizuri dhidi ya theluji. Vuka juu ya nguzo, kwa sababu nguzo unaiona na waya unaukisia. Baridi nayo si ya mchezo: nyuzi joto 15 chini ya sifuri kwa mwendo wa kilomita 35 kwa saa huuma ngozi kama nyuzi 27 chini ya sifuri. Vidole vikifa ganzi huzisikii breki, kwa hiyo vaa glavu nene zinazokuruhusu kushika vishikio.

Tua kwenye uwanja uliotengwa, kamwe si kwenye njia ya wanaoteleza. Elekeza skii kwenye upepo, ncha zikiwa juu kidogo, breki kamili mwishoni. Theluji ikiwa imeisha uwanjani, skii zitakwama kwenye nyasi na utapigwa kifudifudi. Uliza hali ya uwanja kabla ya kupanda, na kama ni nyasi, paa kwa miguu siku hiyo.