Magunia 40 ya Ilula

Iringa, Jumapili usiku

Jana nimeshuka Kitonga, ule mlima wenye kona nyingi kwenye barabara kuu ya Iringa kwenda Dar es Salaam, asubuhi na kuipanda tena jioni, nikiwa abiria kwenye gari dogo la rafiki yangu. Katikati ya mteremko tulikuta foleni. Lori lilikuwa limeegemea ukuta wa mlima, bodi imechanika ubavu mzima, vijana wanahamisha mzigo kwa mikono. Dereva alikuwa amekaa juu ya jiwe, mzima, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Rafiki yangu akasema, "Mungu ni mwema, hakuna aliyekufa," akatafuta upenyo tukapita. Mimi sikusema kitu. Harufu ya breki zilizoungua ilikuwa imeingia garini, na harufu ile hunirudisha mwaka 2014 nitake nisitake.

Mwaka huo nilikuwa karani wa mfanyabiashara wa mbao Mafinga. Nilikuwa na miaka 24, hodari wa kuhesabu, na nilijiona mtu muhimu kwa sababu lori halikuondoka bila saini yangu. Mafinga ni mji wa mbao, shamba la miti la Sao Hill liko hapo hapo, na malori ya kwenda Dar es Salaam hayakauki. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu vipande vinavyopanda garini, kuandika, na kumkabidhi dereva karatasi zake.

Kitu ambacho sikukijua wakati ule ni uzito wa maji. Mbao ya paina iliyotoka tu kwenye msumeno inaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Ianike wiki kadhaa, mtoto ataibeba. Tajiri alihesabu vipande, mnunuzi wa Dar alihesabu vipande, na mimi katikati yao nilihesabu vipande. Lori lile lile lenye vipande vile vile lingeweza kubeba tani kadhaa zaidi wakati wa masika, na kwenye daftari langu kisibadilike kitu. Madereva walijua. Walikuwa wanazunguka gari, wanaangalia springi zilivyolala, wanatikisa kichwa, wanapanda. Mimi nilidhani ni mazoea yao tu ya kulalamika.

Lori la siku ile lilikuwa la tairi kumi. Gari la aina hiyo linaruhusiwa jumla ya tani 26, lenyewe na mzigo wake: 8 kwenye ekseli (mhimili wa matairi) ya mbele, 18 kwenye mbili za nyuma. Mizani ya Wenda, kabla ya kufika Iringa mjini, ililipitisha. Lilikuwa limejaa hadi kwenye mstari, lakini lilipita, na dereva alinipigia kunijulisha kama kawaida.

Hapo ndipo tajiri aliponiambia kuna mwenzake ana vitunguu Ilula vimekosa usafiri. Magunia 40. Nauli nzuri, tena taslimu. Ilula iko mbele ya Wenda, upande wa kushukia Kitonga. Nikampigia dereva nikamwambia apitie Ilula.

Gunia halali la mazao mwisho wake ni kilo 100. Yale yalikuwa rumbesa, yamejazwa hadi mdomoni kisha yakaongezewa kichwa kwa kamba za wavu, na nikikadiria leo sidhani kama lilikuwepo hata moja chini ya kilo 120. Ni karibu tani 5, juu ya lori lililokuwa limeshafika kikomo, tena zimewekwa juu kabisa ya mbao ambako kila kona gari linayumba nazo. Hesabu hii ningeweza kuifanya siku ile ile, kwa kalamu ile ile. Sikuifanya kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuwa napanda lori lile.

Anayeijua Kitonga kutokea juu anajua kona zinavyofuatana na bonde lilivyo wazi upande wa pili. Wazee wa barabara wana kanuni yao: mteremko ushuke kwa gia ambayo ungeupandia. Injini ndiyo inalishika gari, breki za mguu zinasaidia kidogo kidogo. Sasa ongeza tani 5. Injini inalia lakini haishiki, mzigo unasukuma, dereva analazimika kukanyaga breki muda mrefu kuliko inavyopasa. Dramu za breki zinapata moto, na breki yenye moto inateleza badala ya kushika. Anakanyaga tena, anaachia, anakanyaga, na kila mkanyago unakula upepo wa kwenye mitungi. Kila nukta gari linaongeza kasi, na kasi haina huruma na hesabu: kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 70 ni tofauti ya 20 tu machoni, lakini nguvu inayotakiwa kuzimwa na breki inakaribia kuwa mara mbili.

Dereva wetu alikuwa mtu mzima, ameiendesha njia ile miaka mingi. Alipoona breki zimekwisha alilipeleka lori kwenye ukuta wa mlima, likajikwaruza kwenye mwamba mpaka likalala. Lingekwenda upande wa pili, ni korongo. Yeye aliumia mbavu. Utingo wake, kijana wa miaka 19, mguu wake wa kulia ulibanwa na mbao.

Kwenye taarifa, chanzo kiliandikwa mwendo kasi. Askari hakudanganya, lori lilikuwa kwenye kasi kweli. Lakini kasi ile haikutoka mguuni mwa dereva. Ilitoka Mafinga na Ilula, ilitoka kwenye simu yangu. Dereva alilipa faini, akapoteza kazi. Mimi mwisho wa mwezi nilipokea mshahara wangu kamili.

Siwatetei madereva wote. Nimepanda malori, nimeona dereva anaweka gia huru kwenye mteremko ili aokoe dizeli, kwa sababu mafuta amepimiwa na tajiri na yakibaki ni yake. Nimeona mtu anamulikiwa taa na mwenzake kwamba mbele kuna tochi ya kupima kasi, anapunguza hadi 80 ya sheria, akishapita askari anakanyaga tena. Hilo ni kosa lake na analijua. Lakini hata hapo namuuliza tajiri: umempa siku ngapi za kufika? Posho yake inahesabiwaje? Anayelipwa kwa safari atakimbia, na aliyecheleweshwa siku nzima kwenye kupakia ataitafuta siku hiyo barabarani, usiku, akiwa na usingizi.

Rafiki yangu wa jana ni mhandisi wa barabara. Tulipokuwa tunapanda jioni alinionyesha mifereji ambayo matairi yameichimba kwenye lami, upande wa kupanda, ambako malori mazito hutambaa taratibu na uzito unakaa muda mrefu mahali pamoja. Akanisimulia majaribio yaliyofanyika Marekani, Ottawa, jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960. Wanajeshi waliendesha malori mchana na usiku kwenye vipande vya barabara vilivyojengwa makusudi, wataalamu wakapima lami inavyoharibika. Kilichoonekana ni kwamba madhara hayaendi sambamba na uzito, yanaruka. Ekseli ikizidishiwa uzito mara mbili, uharibifu ni kama mara 16. Ekseli ya tani 10 ukiibebesha 12, tani mbili tu za ziada, uharibifu unakuwa maradufu. Nilimuomba arudie, nikafanya hesabu mwenyewe kwenye simu. Ni kweli.

Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria moja ya udhibiti wa uzito mwaka 2016, na Tanzania ikaanza kuitumia 2019: mwisho tani 56 kwa gari lenye ekseli 7, na kila ekseli na kikomo chake. Nakumbuka kelele za wasafirishaji wakati ule. Wengi walisema serikali inaua biashara. Nami ningepiga kelele hizo hizo kama ningekuwa bado karani, kwa sababu mfereji ule wa lami haukuwa kwenye daftari langu, wala gari dogo linaloteleza ndani yake mvua ikinyesha.

Na kuna watu wa pembeni. Juni 30, 2023, pale njia panda ya Londiani nchini Kenya, lori lenye trela liliacha njia likawapitia wachuuzi na watu waliokuwa wanasubiri usafiri, na waliokufa walizidi 50. Habari ile niliisoma nikiwa nawaona kina mama wa Ilula, wamepanga ndoo za nyanya hatua tatu kutoka kwenye lami, siku zote, na malori yanapita mbele yao yakielekea Kitonga. Hawa hawana mizani yao. Wanamtegemea karani fulani ambaye hawatamwona kamwe.

Ilula ndipo nilipotaka kufika tangu nianze kuandika. Jana jioni tulisimama kununua vitunguu. Aliyekuja dirishani anachechemea. Nilimtambua kabla hajainua uso. Ni miaka mingi, amenenepa, ana ndevu, lakini ni yeye, utingo wetu. Nilikwenda kumwona hospitali mara moja tu mwaka ule, nikakaa dakika chache, nikaacha pesa kidogo chini ya mto. Sikumwambia kitu.

"Kamwene," alinisalimia. Nikaitikia, nikashuka. Tukaulizana habari za nyumbani. Ana watoto wawili. Mguu unamsumbua wakati wa baridi, na baridi ya Iringa tunaijua. Basi nikamwambia, maana nilishachoka kuibeba: "Ndugu yangu, ile simu ya vitunguu niliipiga mimi."

Aliendelea kufunga mfuko. "Najua, kaka. Mzee aliweka sauti ya nje, nilikuwa nakusikia." Akanyamaza, akakaza fundo. "Mara ya kwanza alikukatalia. Ukapiga tena, akakataa. Ya tatu ulimwambia kwamba tajiri amesema asipobeba, akifika Dar ashuke, gari atapewa mwingine. Ndipo akageuka kunitazama mimi, akasema twende tukapakie."

Mimi miaka yote hii nilikuwa nakumbuka simu moja. Nimejaribu kutwa nzima leo kuzikumbuka zile nyingine mbili, na jambo moja nina hakika nalo, kwamba tajiri hakuwahi kusema maneno hayo.