Saidi na kengele ya shule

Katika mwaka wangu wa nne wa kufundisha darasa la awali, pembezoni mwa Mtwara, nilimpokea mtoto wa miaka mitano ambaye hapa nitamwita Saidi. Kila kengele ilipogongwa, nayo ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mkorosho, aliziba masikio na kujibanza nyuma ya mlango. Nilimchukulia kuwa mkaidi, na nakiri kwamba nilimfokea zaidi ya mara moja.

Nilizinduka siku aliponivuta mkono hadi kwenye ndoo na kusema, "Unataka maji?" Mwenye kiu alikuwa yeye, alilirudia swali vilevile alivyozoea kuulizwa na bibi yake. Mwalimu mwenzangu aliyesomea elimu maalumu ndiye aliyenitajia usonji, akanifafanulia kuwa ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano, mahusiano na namna mtoto anavyopokea sauti, mwanga au mguso, na kwamba hausababishwi na malezi mabaya wala chanjo. Kuuthibitisha, alisisitiza, ni kazi ya wataalamu wa afya, si yetu.

Bibi alipofika shuleni alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mtaani wanasema mjukuu wangu ana shetani." Sikutaka kujadili majirani, nilimuuliza yeye humtuliza vipi. Akanijibu kuwa Saidi huelewa upesi akioneshwa kitu kuliko akiambiwa.

Jioni hiyo nilikata boksi vipande vipande, nikachora kwa mkaa shughuli za siku: nyimbo, kengele, uji, michezo, kurudi nyumbani. Nilivipanga kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na kila shughuli ilipokwisha Saidi alibandua picha yake na kuitia kwenye kopo. Picha ya kengele nilimwonesha mapema, tukatoka pamoja hadi nyuma ya darasa kabla rimu haijagongwa. Kosa langu lilikuwa siku ambayo uji haukupikwa nami nikaiacha picha yake kambani: alilia hadi saa tano. Tangu hapo hupita jikoni kwanza, ndipo nipange kamba.

Mwezi wa nane alikuja mwenyewe na picha ya ndoo mkononi, akasema, "Maji." Mvua ikipiga bati bado huziba masikio, nami siku hizo humwacha akae barazani, karibu na mlango, na daftari lake.