Nilivyoumaliza Utenzi Wangu Ufukweni mwa Ziwa Tanganyika

Utenzi wangu kuhusu Ziwa Tanganyika ulikuwa umekwama katikati. Tayari ulikuwa na kina cha ziwa, mita 1,470, ambacho hakipitwi na ziwa lolote duniani isipokuwa Baikal. Ulikuwa na Ujiji ya mwaka 1871, Stanley alipokutana na Livingstone, na ulikuwa na meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Vina vilikaa sawa na mizani ilitimia, lakini kila nilipousoma kwa sauti niliona kwamba hakuna ubeti hata mmoja ambao ungemfanya msikilizaji aone kitu mbele ya macho yake.

Kwa hiyo likizo ya mwisho wa mwaka, mvua za vuli zilipokuwa zimeshika, nilipanda boti ya abiria pale Kibirizi nikaenda kwa shangazi yangu Mwamgongo, kijiji kilicho ufukweni, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Nilijiwekea sharti: mchana ungekuwa wa kutazama na kuandika nilichokiona kwa maneno ya kawaida, pasipo kutafuta kina, na usiku nisingetunga ubeti ila juu ya jambo ambalo tayari limo daftarini.

Nilianza na samaki, kwa kuwa maji ya upande huo ni maangavu na niliazima miwani ya kuzamia. Katika eneo la mchanga baina ya mawe nilimwona samaki dume, mdogo kuliko kiganja changu, akichimba kishimo cha mviringo ambamo jike angekuja kutaga. Alikuwa akiteka mchanga kwa mdomo, anausogeza hadi ukingoni, anautema, kisha anarudi kuteka tena. Wimbi likija lilibomoa sehemu ya ukingo, naye alianza upya mahali palepale, bila kubadili mwendo. Kwa spishi nyingi za jamii ya samaki huyo, jike huyachukua mayai mdomoni mwake na kuyaatamia humo hadi vifaranga waweze kujitegemea. Niliandika kurasa mbili kuhusu mdomo huo ambao ni jembe kwa dume na chumba cha kulelea kwa jike, na usiku ule beti zilikuja zenyewe.

Hata hivyo, kilichonifungua hasa ni Gombe. Hapo ndipo mwaka 1960 mtafiti Jane Goodall, akiwa binti wa miaka 26, alipomwona sokwe akitumia bua la nyasi kuwavua mchwa kutoka kichuguuni, wakati wataalamu walikuwa wakiamini kwamba kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Habari hiyo naijua tangu utotoni, lakini kuijua ni jambo moja na kuitazama ni jambo jingine. Tulipanda bondeni na mwongoza wageni, tukakaa mbali na sokwe kama kanuni inavyotaka, maana mafua ya binadamu huweza kuwaua.

Sokwe jike alichuma kijiti, akapukutisha majani yake kwa midomo, akakata ncha iliyopinda kwa meno, akakiingiza taratibu katika tundu la kichuguu na kutulia. Alipokivuta, alikivuta polepole, kwa sababu akiharakisha, mchwa waliokiuma huanguka. Mwanawe alikuwa amekaa ubavuni, anatazama mkono wa mama. Mwongozaji alinieleza kwamba watafiti wa hapo wamegundua kuwa watoto wa kike huweza kazi hiyo mapema kuliko wa kiume, kwani wao humtazama mama zaidi huku wa kiume wakicheza. Jambo hilo lilinigusa kuliko yote. Nilikuwa nimeamini kwamba ubunifu ni kungoja wazo geni lishuke. Kumbe yule mtoto alikuwa katikati ya kazi ya ubunifu hata kabla mkono wake haujagusa kijiti. Usiku nilitunga hivi:

Kijiti kakibaini,
Kakiingiza shimoni,
Hana haraka moyoni,
Mchwa wakang'ang'ania.

Tangu hapo sikukwama tena. Beti za kale nilizipunguza, nikaibakiza Liemba kwa kuwa naipenda, na mahali pa nyingine nikaweka furukombe anayeinua samaki majini, nyani wanaotembea ufukweni, na taa za wavuvi wa dagaa ambazo katika usiku wa giza hupangana ziwani kama mji mwingine.

Mbalamwezi iliposhika na wavuvi wakapumzika, kwa kuwa taa haivuti dagaa vizuri penye mwanga wa mwezi, shangazi aliwakaribisha majirani nikawasomea utenzi wote. Walisikiliza kwa makini, na mzee mmoja alizitaja kwa kichwa beti za sokwe siku iliyofuata. Shangazi ndiye aliyekuwa na la kuongeza.

"Mwanangu, umetunga vizuri," alisema. "Lakini dagaa wako wametoka ziwani wakafika sokoni. Nani aliyewaanika?"

Nilimwomba ruhusa ya kwenda naye asubuhi kwenye uanikio. Beti kumi na mbili za mwisho ni za akina mama wale, namna wanavyowatandaza dagaa mchangani, wanavyowageuza kwa mikono, na wanavyotazama mawingu ya milimani ili wawahi kuwaanua kabla mvua haijashuka.