Urari umekubali, mama ntilie kafilisika

Nilipoanza kufundisha uhasibu, mkubwa wangu mmoja pale ofisini alinishika bega: "Hawa wape past pepa tu. Fikra tunduizi waachie watu wa falsafa." Nikamwona mvivu. Nikatoa kosiweki ya insha: jadili umuhimu wa fikra tunduizi kwa mhasibu. Zikarudi karatasi sitini na kitu, na zaidi ya arobaini zimeandika "mzania" badala ya mizania, aya ileile ya tatu. Kufikiri walifikiri kweli: walifikiria nani ana flashi.

Muhula uliofuata nikamwendea mama ntilie wa nje ya geti, ambaye ananidai chapati tangu enzi, nikamwomba kauntabuku lake. Tarakimu ni zake, mimi nilizihamisha tu. Friza la 900,000 nililiingiza kwenye matengenezo, ada ya mwanawe 400,000 nikaitupia kwenye gharama za biashara. Kwenye urari, ile orodha ya kupima kama pande mbili za hesabu ziko sawa, debiti na krediti zikalingana shilingi kwa shilingi, hasara ikatoka 310,000. Swali: afunge biashara au aendelee?

"Mwalimu, imebalansi!" Mistari miwili kwa rula chini ya jumla, na tiki wamejipigia wenyewe. Karibu darasa zima likamfungia mama wa watu mgahawa. Na hawahawa makosa yasiyofichuliwa na urari wanayakariri kama shairi!

Sikusahihisha. Niliwarudishia, nikawaambia maksi ni 20, hesabu ina 6 tu, 14 ni za maswali mtakayomwuliza mama, nendeni mkale kwake. Usiwatajie idadi ya makosa hata wakikulilia; ukisema mawili, wakipata mawili wanalala.

Wakarudi wamechangamka. Friza likahamia kwenye mali za kudumu, gharama ya mwaka ikabaki uchakavu wake tu, 180,000 kwa mwaka kwa miaka mitano. Ada ikawa matumizi binafsi ya mwenye biashara. Hasara ikageuka faida ya 810,000. Nikadhani tumemaliza, kumbe kuna binti wa kiti cha nyuma, hajawahi kunyoosha mkono: "Mwalimu, mbona mama hana mshahara humu? Akiumwa, atakayempikia atapika bure?" Hilo sikuliwaza kabisa. Nikampa 14 zote na kujifanya ule mtego nilitega mwenyewe.

Kopi na sahani za wali maharage zilinila kama elfu thelathini hivi, usiku wa kusahihisha siuhesabu. Maswali hayana majibu ya kulinganisha, kila karatasi unaisoma kweli. Yule mkubwa wangu siku hizi ananiomba "ile ya mama ntilie".

Mama naye nilimpelekea hesabu zake zimenyooka. Akafuta mikono kwenye kanga, akasoma mpaka chini.

"Faida laki nane na kumi?"

"Ndiyo, mama."

"Haya mwanangu, iko wapi? Mbona kidroo changu kitupu?"

Hiyo ndiyo kosiweki ya muhula huu.