Karatasi Iko kwa Nani?

Kazi yangu ni kuklia mizigo, yaani kuwatolea watu mizigo yao forodhani. Nimekaa miaka kwenye ofisi ndogo karibu na Moi Avenue, hapa Mombasa, nikifuatilia kontena za watu bandarini Kilindini, na kama kuna mtu namjua vizuri basi ni mteja aliyechoka kungoja. Anapiga simu asubuhi, anapiga adhuhuri, na kila siku inayopita mzigo wake unazidi kula pesa. Ukimwambia "inashughulikiwa" umemtia moto. Lakini mwambie karatasi yake iko kwa afisa fulani, na afisa huyo anangoja kitu fulani, atakuelewa hata kama mzigo hautoki wiki hiyo.

Mwaka 2019 tukaanza kununua fleti, na mteja nikawa mimi.

Fleti iko Ganjoni, ghorofa ya tatu, vyumba vitatu, na siku tuliyokwenda kuitazama upepo wa kusi ulikuwa unaingia jikoni unatokea sebuleni. Bei shilingi milioni 7. Mwenyewe ni mama mjane aliyekuwa amehamia Nairobi kwa mwanawe. Hati yake ilikuwa lizi, yaani haki ya kukaa kwa muda uliowekwa tu, ya miaka 99 iliyoanza 1986, kwa hiyo imebakiza miaka 66, na hapo mume wangu akaingiwa na ubaridi. Yeye alitaka kitu cha milele. Mamangu, ambaye hakuna aliyemuuliza, alicheka mpaka mtandio ukamteleza. Nyumba yetu ya Majengo tulikozaliwa sote ni nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zetu, kiwanja ni cha mtu, na kila mwezi kodi ya kiwanja hupelekwa kwa mwenyewe kama alivyokuwa akiipeleka babu.

"Miaka sitini na sita mwaiona michache?" akamwambia mkwewe. "Mie umri wangu wote nalala juu ya mchanga wa mtu. Angalau nyinyi mwapewa karatasi yenye tarehe."

Mwezi wa Septemba tukatia sahihi mkataba wa mauziano. Tulilipa asilimia 10, yaani shilingi 700,000, zikakaa kwa wakili wa muuzaji asiziguse mpaka mambo yaishe, na mkataba ukasema yawe yameisha kwa siku 90. Mimi huyo, nikarudi Tudor tulikokuwa tumepanga nikaanza kufunga vyombo kwenye maboksi.

Kitu ambacho sijaona kikielezwa vya kutosha ni kwamba fleti ya lizi hununui kwa muuzaji peke yake. Yeye anakuuzia ile miaka iliyobaki. Jengo lenyewe, ngazi, paa, tangi la maji na kiwanja viko chini ya kampuni ya wenye fleti, kila mmoja ana hisa yake, na bila barua ya kampuni hiyo kukubali wewe uingie, uhamisho hausogei. Juu ya hiyo, wakati ule kulitakiwa kibali cha serikali, cheti kwamba kodi ya ardhi imelipwa, na cheti cha kaunti kwamba hakuna deni la kodi ya jiji. Na muda wa vyeti hivi haukuwa pamoja. Kimoja kilikuwa kinakufa huku wewe unangojea kingine kizaliwe.

Wakili wetu alikuwa kijana muungwana, ila kila nikimpigia jibu lilikuwa lile lile ninalowakataza vijana wetu ofisini kulitumia. Mwishowe nikaenda mwenyewe, nikakaa na karani wake, si yeye, maana faili za mawakili ziko kwa makarani. Akanifungulia. Barua ya kuomba idhini ya kampuni ilikuwa imetumwa kwa sanduku la posta. Hakuna aliyelifungua sanduku lile, nadhani, tangu watu waache kuandikiana barua.

Nikarudi na karatasi moja kubwa niliyoipiga mistari. Upande huu jina la kila hati, kisha iko kwa nani, anangoja nini, na siku ya mwisho ya kutumika kwake. Tukakubaliana na karani kwamba nitapiga simu Jumanne tu, na yeye Jumanne atakuwa na jibu. Jumanne ilinisaidia mimi zaidi kuliko yeye. Siku nyingine zote niliweza kufanya kazi za watu bila kushika simu kila saa. Na nyumbani mume wangu akapiga marufuku habari za fleti baada ya chakula cha usiku. Atakayeitaja aoshe vyombo. Niliosha vyombo sana.

Kampuni ya jengo ilikuwa na wakurugenzi watatu kwenye rejista. Mmoja alishafariki. Wa pili alihamia Uarabuni na nambari yake haiiti. Wa tatu, mpangaji wa ghorofa ya kwanza akaniambia, ni mzee ambaye sasa anakaa kwa binti yake Kibokoni, Mji wa Kale. Nikaenda baada ya alasiri na mkate wa sinia mkononi, maana kwa wazee hauendi mikono mitupu.

"Asalaam aleikum, Ami."

"Waaleikumu salaam. Wewe binti wa nani?"

Ikabidi kwanza tupite kwa babangu, babu yangu na msikiti wa mtaa wetu ndipo tufike Ganjoni. Aliponielewa akamwita mjukuu amletee mkebe. Ulikuwa mkebe wa biskuti, wa bati, rangi imebanduka pembeni. Ndani mlikuwa na risiti zilizofungwa kwa uzi, funguo zisizojulikana za wapi, daftari la jalada gumu, na chini kabisa muhuri wa chuma wa kampuni, ule wa kubana. Ulikuwa umeshika kutu. Mjukuu akaleta mafuta ya charahani, mzee akadondosha tone kwenye kiungo, akaufungua na kuufunga taratibu, kisha akaujaribu kwenye ukingo wa gazeti. Ukaacha duara lenye maandishi ya kusomeka kwa kidole. Nikaona kazi imekwisha.

Akaweka muhuri chini akafungua daftari.

"Huyu mama adaiwa," akasema. "Pesa za mlinzi na za pampu. Tazama mwenyewe. Akilipa, mie nabana leo leo. Asipolipa, deni litakuwa lako, nawe wataka nikutilie muhuri juu ya deni?"

Alikuwa na haki. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Muuzaji akasema alilipa taslimu, mzee akasema pesa zilizolipwa zina risiti, na mawakili wawili wakaandikiana barua za heshima mpaka Desemba. Siku 90 zikapita hapo. Sisi hatukuvunja mkataba, tukakubaliana kwa maandishi kusogeza tarehe, na deni likakatwa kwenye bei. Kampuni nayo ilikuwa haijapeleka taarifa zake za kila mwaka kwa msajili. Hilo lilifanyika kwa mtandao, likaisha haraka kuliko nilivyodhani. Barua ikapata muhuri.

Lakini mwaka ulikuwa umegeuka. Kodi ya kaunti ni ya kila mwaka, kwa hiyo Januari 2020 ankara mpya ikaingia na cheti chetu cha mwaka jana kikawa karatasi ya kufungia karanga. Upya. Nilianza kufungua maboksi kimoja kimoja: kwanza sufuria ya biriani, kisha charahani, kisha feni. Mwenye nyumba wa Tudor, Mungu ampe heri, hakuniongezea kodi.

Machi kila kitu kilikuwa tayari kuingia ofisi ya ardhi. Machi hiyo hiyo korona ikaingia nchini, na ofisi za ardhi zikafungwa.

Aprili tukafungiwa Mombasa, hakuna kutoka wala kuingia, na Nairobi nayo hivyo hivyo. Ikaja Ramadhani ya kafyu, tarawehe tunaswali sebuleni kati ya maboksi, mume wangu imamu na watoto wawili saffu nzima. Hapo, ajabu, nikatulia. Ile karatasi yangu ya mistari ilikuwa na safu yenye jibu moja kwa hati zote: iko ndani ya ofisi iliyofungwa. Sikuwa na wa kumpigia. Karani alinitumia salamu za Jumanne hata hivyo, "hakuna jipya, dada", nami nikamjibu vivyo hivyo. Kazini bandari haikufungwa, meli zilikuja, na wateja wangu walinipigia kama kawaida.

Julai njia zikafunguliwa. Mjane akashuka Mombasa mwenyewe kutia sahihi hati ya uhamisho mbele ya wakili, kwa sababu alisema hataki tena mambo ya kutumiana. Tulikutana mara ya kwanza uso kwa uso, wote na barakoa. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria nilipokuwa namlaumu.

"Mwanangu, nawe umengoja," akasema.

"Nawe pia, mama," nikamwambia, maana naye pesa zake zilikuwa bado benki.

Mthamini wa serikali akaja, akatazama vyumba kwa haraka ya mtu mwenye majengo mengine ya kuona, akauliza kama ghorofa ya tatu ina lifti. Haina. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, kwa hiyo shilingi 280,000 zikatoka kwa siku moja, na nakiri mkono ulikuwa mzito. Benki ikaandika ahadi ya kulipa iliyobaki mara tu hati itakapotoka kwa jina letu. Ikatoka Novemba. Karani ndiye aliyepiga, na ilikuwa Alhamisi, nikajua kabla hajasema.

Tukahamia. Haukupita mwezi sheria mpya ya umiliki wa fleti ikaanza kutumika, tarehe 28 Desemba 2020, nayo ikataka lizi za zamani kama yetu zibadilishwe, kila fleti ipate hati yake kamili iliyopimwa. Wakili akanieleza kwa furaha kwamba ni jambo zuri, na ni kweli ni zuri. Mzee wa Kibokoni akaitisha mkutano wa wenye fleti pale chini kwenye maegesho, kila mtu na kiti chake cha plastiki. Ajenda ilikuwa kuchanga pesa za mpimaji. Jirani wa ghorofa ya pili akasimama akauliza tutapimwaje na maji hayapandi juu tangu Jumatatu, na wote tunanunua mitungi kwa mkokoteni. Tukapiga kura. Pampu kwanza.